Nilishiriki utafiti wa tiba ya sonona hapa Kigoma: niliyoulizwa, na nililosahau kuuliza

Mwalimu wa Gungu

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma humu maswali ya watu walioambiwa na mhudumu wa afya kwamba kuna utafiti wa tiba ya sonona na kwamba wanafaa kujiunga, nao hawajui wakubali au wakatae. Majibu wanayopewa ni ya aina mbili tu: wapo wanaowaambia wakimbie kwa sababu watafanywa panya wa maabara, na wapo wanaowaambia waende kwa sababu watatibiwa bure. Mimi nilishiriki utafiti wa namna hiyo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa niliyoyaona majibu yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe. Nitaandika kwa urefu. Mwenye haraka anisamehe.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Gungu. Mke wangu alitangulia mbele ya haki miezi michache kabla sijastaafu, na nilipokabidhi ofisi nikajikuta sina darasa wala mtu wa kunisubiri nyumbani. Nikaanza kuamka saa tisa usiku. Sikulia, na kama ungeniuliza nina huzuni gani ningekujibu kwamba sina. Nilikuwa nikilala chali nikisikiliza maji yakidondoka kwenye pipa hadi kunakucha. Moyo ulikwenda mbio, mgongo uliniuma, na migebuka ya kuchoma, ambayo mtu wa Kigoma haikatai, ikawa kama karatasi mdomoni. Zahanati nilikwenda mara nne. Kama ilivyo desturi yetu nilipimwa malaria, taifodi na yutiai, na kwa nyakati tofauti nikameza dawa za yote matatu, ingawa kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu hata mara moja.

Safari ya tano niliangukia mikononi mwa daktari kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja, na sababu ya kutoitaja mtaiona mbele. Aliniuliza, "Mwalimu, mara ya mwisho kitu kilikufurahisha lini?" Nilitafuta jibu muda mrefu hata akaacha kuandika.

Alinipeleka kwa muuguzi mwenye karatasi ya maswali tisa. Baadaye nilikuja kujua kwamba dodoso hilo huitwa PHQ-9, lilichapishwa Marekani mwaka 2001, na leo hutumika karibu kila mahali sonona inapotafitiwa. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kujiona huna thamani, kushindwa kutuliza mawazo na mengineyo. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27, na anayefikia 10 huonekana kuwa anastahili kuangaliwa kwa makini. Nilipata 17. Mtu aliyesahihisha mitihani miaka yote hiyo alijisikia vibaya kufaulu mtihani wa namna ile.

Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba afadhali ungekufa, au kwamba ujidhuru kwa namna yoyote. Muuguzi yule alilisoma kwa sauti ileile aliyosomea yale manane, kisha akaweka kalamu mezani, akanitazama. Nafikiri kama angebaki ameishika ile kalamu ningemdanganya. Nasema hili kwa sababu najua wengi hudanganya hapo, wengine kwa aibu na wengine kwa kuogopa sheria, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kujaribu, ndugu zangu. Jibu la kweli katika swali la tisa halikupeleki polisi. Linamfanya mtafiti awajibike kukuona na daktari siku ileile badala ya kukupangia tarehe.

Ndipo nikaelezwa habari za utafiti. Kundi moja lingekutana na mshauri kila wiki kwa mazungumzo yenye mpangilio maalumu, na kundi la pili lingeendelea na huduma ya kawaida ya hospitali. Makundi yote mawili yangepimwa kwa maswali yaleyale kwa vipindi vilivyopangwa. Nilipewa fomu ya ridhaa, nikaisoma yote pale pale, nikasahihisha makosa mawili ya tahajia kwa mazoea. Bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu hakujua kusoma, kwa hiyo alisomewa mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, kisha akaweka dole gumba, na shahidi naye akasaini. Hilo walilifanya vizuri. Hata hivyo nakala yangu ya fomu niliahidiwa "kesho", na hiyo kesho ilikuja baada ya mwezi na nusu, nikiwa nimeidai mara tatu. Nakala hiyo ni haki yako tangu siku unaposaini, kwa sababu ndiyo yenye namba za simu za mtafiti na za kamati ya maadili.

Kisha ikaja bahasha. Ilikuwa ya kaki, imebandikwa gundi, ina namba tu kwa nje, nayo ilifunguliwa mbele yangu. Ndani mlikuwa na kikaratasi kidogo kuliko tiketi ya daladala, na kikaratasi hicho kiliniweka kwenye huduma ya kawaida. Nakiri kwamba nilikasirika. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikuwa na hamu ya kuzungumza, halafu kura ikaninyima. Njiani kurudi nyumbani ndipo nilipojieleza mwenyewe jambo hilo kwa lugha ya kazi yangu. Ukitaka kujua kama kitabu kipya cha Hisabati kinafundisha kuliko cha zamani, usimwachie mwalimu achague wanafunzi wa kukitumia, kwa sababu atawapa wale wanaokaa mbele, na mwisho wa mwaka hutajua kilichofaulisha ni kitabu au ni vichwa. Daktari naye ana huruma yake. Angeachiwa achague angewapeleka kwenye mazungumzo wale waliomgusa moyo. Kura haina huruma, na kwa kazi hiyo moja ndiyo sifa yake.

Sasa lile lililonifanya niifiche hospitali. Siku ya kipimo cha pili tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi ya nje pamoja na wagonjwa wengine, na kati yao nilimwona mama anayeuza mawese karibu na kwangu. Kijana mmoja wa utafiti alitoka na orodha akaita kwa sauti kubwa, "Wale wa utafiti wa akili, piteni huku!" Sikuinuka. Mnajua wenyewe jinsi tulivyoligeuza jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, kuwa tusi la kurushiana vijiweni. Nilisubiri hadi mabenchi yakapungua ndipo nikaingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku, nikamweleza yule muuguzi. Kuanzia siku hiyo tuliitwa kwa namba, lakini wawili niliokuwa nimewazoea hawakurudi tena.

Kwa vile sikupewa mazungumzo wala dawa mpya, mngetegemea niseme kwamba sikupata nafuu. Nilipata. Alama zilishuka kutoka 17 hadi 13, kisha 9. Kila baada ya wiki chache kulikuwa na mtu anayenipigia simu siku moja kabla ili kunikumbusha, anayeniuliza nimelala saa ngapi, na anayeandika jibu langu kwa makini kana kwamba usingizi wa mzee wa Gungu ni habari ya taifa. Nilianza kunyoa ndevu kwa ajili ya siku hizo. Nilianza hata kujiangalia wakati wa usiku ili nipate jibu sahihi la kumpelekea.

Halafu siku ya mwisho ikafika. Muuguzi alinisomea maswali tisa, akanipa nauli, akanishukuru kwa ushiriki wangu, akafunga jalada. Wiki ya tatu baada ya hapo niligundua kwamba nilikuwa nikisubiri simu. Wiki ya sita nilikuwa nimerudi kuamka saa tisa usiku.

Ndiyo maana nasema majibu yale mawili yanapita kando. Hakuna aliyeniumiza, na wala hawakuwa wamekuja kunitibu. Utafiti una swali lake, nalo swali lilikuwa iwapo mazungumzo yanazidi huduma ya kawaida. Mimi kupona au kutopona kulikuwa jibu, halikuwa lengo. Watu wale walikuwa wema kwangu kweli, na wema wao ukanifanya niwaone kuwa waganga wangu. Kabla ya kusaini niliuliza kama kuna sindano, kama kuna gharama, na kama jina langu litatajwa. Sikuuliza ni nani ataniuliza habari zangu siku baada ya jalada kufungwa. Ningependa kila anayefikiria kujiunga aliulize hilo kwanza, na asisaini hadi apewe jibu lenye jina la kliniki na siku ya wiki.

Naomba kuwasilisha.

Mtu wa Kasulu

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma hadi mwisho, na pole kwa msiba wa mama.

Pamoja na heshima zote, naona umewahurumia mno. Huku kwetu tafiti si jambo geni. Kambini Nyarugusu wanawake waliokimbia kutoka Kongo walishirikishwa katika utafiti ulioitwa Nguvu, uliowahusu wale waliofanyiwa ukatili na wenzi wao na kubaki na maumivu ya nafsi. Sisemi kwamba ulikuwa mbaya. Nasikia walioshiriki vikao vya kikundi walivipenda. Ninachosema ni kwamba mkimbizi anapoletewa karatasi na mtu aliyeshuka kwenye gari jeupe, ni vigumu sana kwake kuamini kwamba anaweza kusema hapana na mgao wake ukabaki palepale.

La pili, historia ipo. Kule Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watu wa serikali waangalie ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana. Nao waliambiwa kwamba wanatibiwa bure.

La tatu, huo wako ulikuwa utafiti wa mazungumzo. Katika ule wa dawa kuna watu wanaopewa vidonge visivyo na kitu ndani. Mtu anataka kufa, wewe unampa unga? Nani aliyeruhusu?

Nesi Mstaafu, Tabora

Habari zenu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi hapa Tabora, na kwa kipindi kifupi nilikuwa muuguzi wa utafiti, ingawa haukuwa wa sonona. Nitajibu la tatu kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowatesa wengi.

Anayeruhusu ni zaidi ya mmoja. Utafiti wowote wa afya kwa binadamu hapa nchini hupitia kamati ya maadili, na katika ngazi ya taifa kibali hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ukiwa ni wa kujaribu dawa, ni lazima Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nayo iuidhinishe. Namba ya kibali hupatikana ukiiomba. Mtu asiyeweza kukuonyesha namba hiyo usiingie naye hata kwenye chumba.

Kuhusu vidonge vitupu, ambavyo wataalamu huviita plasebo: katika majaribio ya dawa za sonona imeonekana tena na tena kwamba kati ya watu kumi wanaomeza kidonge kitupu, watatu au wanne hupata nafuu kubwa. Sehemu ya sababu Mwalimu ameshaieleza bila kukusudia, kwamba kuangaliwa kwenyewe kunasaidia. Sehemu nyingine ni kwamba mtu huja hospitali siku maji yamemfika shingoni, na maji yaliyofika shingoni mara nyingi hupungua kidogo yenyewe. Sasa kama wale waliomeza dawa halisi wanapata nafuu watano kati ya kumi, bila lile kundi la pili ungeisifia dawa kwa kazi yote, hata ile isiyokuwa yake. Mwaka 2018 yalichapishwa majumuisho ya majaribio 522 yaliyohusisha watu 116,477 na dawa 21 za sonona. Zote 21 zilishinda kidonge kitupu, lakini nyingi kwa kiasi cha wastani. Mimi habari hiyo inanipa moyo kwa pande mbili: dawa zinafanya kazi, na si dawa peke yake inayofanya kazi.

Mtu anayetaka kufa hapewi unga na kuachwa. Kwa kawaida wenye hatari ya karibu huondolewa mwanzoni kabisa na kupelekwa kwenye matibabu, na anayezidiwa katikati hutolewa, na ikibidi siri ya kidonge chake hufunguliwa siku hiyohiyo ili daktari ajue alikuwa anameza nini. Katika majaribio makubwa kuna pia kamati huru inayotazama matokeo njiani na yenye uwezo wa kushauri kazi isimamishwe.

Ndugu yangu wa Kasulu, hayo ya Alabama ni kweli tupu, na ni kwa sababu ya mambo kama hayo kanuni zimekazwa. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia ni la mwaka 1964, na limerekebishwa mara nyingi, mara ya karibuni mwaka 2024. Mwalimu, lile swali lako la siku ya baadaye limo humo: wanaoandaa jaribio wanatakiwa wapange mapema jinsi washiriki watakavyoendelea kupata tiba iliyoonekana kuwafaa kama bado wanaihitaji, na wawaambie hivyo wakati wa kuomba ridhaa. Kwa hiyo uliposahau kuuliza, wao nao walitakiwa wakueleze.

Nyongeza moja kwa walio kwenye jaribio la dawa sasa hivi. Fluoxetine na amitriptyline, ambazo ndizo tunazozizoea, huchukua wiki mbili hadi sita kabla mtu hajahisi tofauti ya maana, wakati madhara huanza mapema. Amitriptyline hukausha mdomo na kuleta usingizi, fluoxetine huweza kuchafua tumbo mwanzoni. Wengi huacha wiki ya pili wakidhani wamedhurika bure. Msiache ghafla. Na kijana wa chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kipindi hicho.

Mtu wa Kasulu

Asante dada, nimekuelewa kuhusu unga. La gari jeupe hujalijibu.

Nesi Mstaafu, Tabora

Sijalijibu kwa sababu una haki. Kwenye fomu imeandikwa kwamba kukataa hakutapunguza huduma yako, lakini maandishi hayo anayasoma mtu mwenye njaa mbele ya mtu mwenye gari. Niliwahi kushauri kwamba anayeomba ridhaa asiwe yule anayegawa dawa au chakula. Walilikubali kwa shingo upande.

Binti Kibirizi

Shikamooni wazee wangu. Mimi nina swali la kaka yangu. Yeye ni mvuvi wa dagaa, ana miaka 31, na tangu mtumbwi wao upinduke akapoteza mwenzake amekuwa mtu wa kukaa kimya na kunywa. Ameombwa ajiunge na utafiti wa dawa. Tatizo lake la kwanza ni ratiba, kwa kuwa wakati wa giza analala ziwani na taa zake hadi asubuhi, na nchi kavu anapatikana vizuri wakati wa mbalamwezi tu, wakati hawavui. Tatizo la pili ni kwamba anaogopa akishasaini hawezi kutoka. Na la tatu, ambalo hajalisema ila mimi nalijua, ni kwamba hataki kuacha pombe wala kuulizwa kuhusu pombe. Je, akijiunga halafu akashindwa, atadaiwa?

Mwalimu wa Gungu

Marahaba mwanangu, na mpe kaka yako pole.

Hatadaiwa kitu. Anaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma yake ya kawaida iko palepale. Ila kama anameza dawa asitoweke tu. Apige simu aseme anatoka, ili waelekezane jinsi ya kuipunguza dawa taratibu kama Nesi alivyosema.

Ratiba aizungumze kabla ya kusaini. Tafiti nyingi zina siku chache za nafasi kabla au baada ya tarehe iliyopangwa, na mtafiti anayefanya kazi Kigoma bila kujua kalenda ya mbalamwezi anastahili kufundishwa. Aende na tarehe zake mkononi.

Pombe asiifiche. Sisemi kama mhubiri. Nasema kwa sababu pombe na dawa hizi zikikutana mwilini zinaweza kumlaza mtu vibaya, na mtu aliyelala vibaya kwenye mtumbwi saa nane za usiku mnajua anakoishia. Huenda wakimsikia anakunywa sana wakaona hafai kwa utafiti huo. Wakifanya hivyo asijione amekataliwa kama binadamu, aombe apelekwe kliniki ya kawaida.

Na kama atapenda mazungumzo kuliko dawa, ajue kwamba mazungumzo nayo yamepimwa kwa kura kama dawa, tena na watu wa huku kwetu. Karibu kabisa na mpaka wetu, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, vijiji 30 vilishiriki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji huzuni hii wanaiitaje, nao wakatoa majina mawili ya Kiganda, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia. Ndipo yakaundwa makundi ya kukutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, yakiongozwa na watu wa hapohapo waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Mwishoni asilimia 6.5 ya waliokuwa kwenye makundi ndio waliobaki na sonona kamili, dhidi ya asilimia 54.7 kwenye vijiji vya kulinganisha.

Mimi hiyo namba ya pili naitazama kwa jicho la mtu aliyekuwa upande huo. Kabla ya utafiti walikuwa asilimia 94. Hawakupewa kikundi, na bado wengi walishuka, kama mimi nilivyoshuka.

Harare nako, akina mama watu wazima wa mtaani walifundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kuyachambua matatizo yao moja moja. Kliniki 24, watu 573, matokeo mwaka 2016: baada ya miezi sita wenye dalili za sonona kwenye kundi la benchi walikuwa asilimia 13.7, na kwenye kundi jingine asilimia 49.9. Zanzibar wameuanzisha mtindo huo. Sisi huku bara mabenchi tunayo tele, tena chini ya miembe.

Binti Kibirizi

Asante sana Mwalimu. Amesema ataenda Jumatatu, mwezi ukiwa mkubwa. Nitakwenda naye ila nitakaa nje. Fomu ameniahidi nitaisoma mimi kwanza, na lile swali lako nimemwandikia kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya wino.

Mtu wa Kasulu

Mimi bado sishawishiki, lakini mdogo wangu akiombwa nitampa asome uzi huu kabla sijampa maoni yangu.

Nesi Mstaafu, Tabora

Mwalimu, umetuambia wiki ya sita ulirudi kuamka saa tisa. Hujatuambia yaliyofuata. Sasa hivi anayekuuliza ni nani?

Mwalimu wa Gungu

Nilirudi kwa yule daktari kijana, safari hii kama mgonjwa wa kawaida asiye na namba ya utafiti, akanianzishia dawa, na ninaendelea nayo. Kliniki ni mara moja kwa miezi miwili, foleni ndefu, dakika chache.

Katikati ya hapo nina rafiki yangu, mstaafu wa reli, ambaye tunakunywa naye kahawa jioni. Nilimnakilia yale maswali tisa kwenye daftari la mraba, naye kila Ijumaa ya pili hunisomea kwa sauti ya mtu anayetangaza treni, halafu anajumlisha alama, na mara mbili ameshakosea hesabu. Mwezi uliopita aliniomba na mimi nimsomee. Alipata 8. Tukifika kwenye swali la tisa, anayesoma huweka kikombe chini.